Ubavu Uliovunjika Msibani

Siku walipomzika mkewe, shemeji yake alimkumbatia Fundi Meno kwa nguvu zote, na kitu kikalia ndani ya ubavu wake: ko. Haukuwa mlio mkubwa. Ulikuwa kama njiti ya kiberiti inapovunjwa kwa vidole viwili. Fundi aliusikia kwa masikio yake, akasubiri maumivu yafuate, nayo yakaja kwa mbali sana, kama habari ya mtu mwingine. Shemeji hakusikia lolote. Alikuwa analia kwa sauti, uso ameufukia begani kwa Fundi, machozi yakilowesha kola ya shati.

Shemeji huyo alijulikana kwa jina la Tingatinga. Alikuwa msimamizi wa wapakuaji kwenye ghala la mbao, pande la mtu, shingo kama gogo, na jina alilipata siku mlango wa ghala ulipokwama akausukuma kwa bega mpaka bawaba zikang'oka. Marehemu alikuwa dada yake, aliyemtangulia kuzaliwa na aliyembeba mgongoni alipokuwa mdogo, kabla hajawa Tingatinga. Siku hiyo alilia kama mtoto aliyeachwa sokoni, na wala hakuona haya.

Fundi hakulia. Alisimama wima, akapokea mikono, akaitikia pole moja baada ya nyingine. Watu walimsifu wakiwa pale pale.

"Mwanamume huyu kajikaza kisabuni," alisema mmoja.

Hakujikaza. Hakukuwa na kitu cha kukaza. Mkewe alikuwa ameanguka jikoni asubuhi moja, kiharusi, kikombe mkononi, na kabla gari la kumpeleka hospitali halijafika alikuwa amekwenda zake. Tangu saa ile Fundi alikuwa kama wale wagonjwa aliozoea kuwaona wakishuka ngazi za kliniki ya meno baada ya kuchomwa sindano ya ganzi, wanajishikashika mdomo wasijue unaishia wapi. Alikula alipoambiwa ale. Alilala alipoambiwa alale.

Maumivu ya ubavuni yalikaa. Akivuta pumzi ndefu yanachoma, akigeuka kitandani yanamkata. Nyumbani walikuwa bado wamejaa watu, na jirani wa ghorofa ya chini, mshonaji ambaye jengo zima lilimwita Mama Mapazia, alimkuta amejishika kifua huku amekodoa macho ukutani.

"Panauma hapo, baba?"

"Kidogo."

"Hiyo ni huzuni. Mtu asipotoa machozi, yanamgandia kifuani. Lia tu, utapona."

Fundi akaitikia kwa kichwa. Maelezo yenyewe yalimfaa. Kama huzuni ilikuwa imekaa ubavuni, upande wa kulia, chini kidogo ya kwapa, basi angalau ilikuwa na mahali pa kukaa. Akajifunga kitambaa kifuani chini ya shati, asimwambie mtu.

Watu walipotawanyika, akarudi kazini.

Fundi Meno alikuwa mtengeneza meno bandia. Karakana yake ilikuwa chumba cha chini ya kliniki, kisicho na dirisha, chenye taa ya mezani na feni inayosukuma joto kutoka kona moja kwenda nyingine. Daktari wa meno wa juu alimteremshia mipira laini yenye alama za vinywa vya watu. Yeye akaimiminia plasta, akapata mataya meupe, akapanga meno kwenye nta ya waridi jino kwa jino, akayeyusha kingo kwa kisu kilichopitishwa kwenye moto wa spiriti, kisha akasaga na kung'arisha kwenye mashine yake ndogo. Vumbi la kusaga lilitua kwenye nyusi zake, kwenye chai yake na, kwa miaka mingi, kwenye mapafu yake.

Kifua kilikuwa kimeanza kumbana zamani, binti yake akiwa bado anasoma. Daktari mmoja wakati ule alimpa vidonge vidogo vyeupe, vya kumeza kwa majuma machache tu. Vilimfungua kifua kama mtu anayefungua bomba. Majuma yalipokwisha, kifua kikarudi. Fundi akaenda dukani kwa muuza dawa, akaonyesha pakiti tupu, akapewa nyingine. Tangu hapo hakumuuliza mtu. Muuza dawa akimwona tu anageukia rafu. Mkewe alikuwa akinung'unika, "Unakula vidonge hivyo kama karanga," naye akimjibu kwamba bila hivyo angekuwa anapumua kama kiatu kilichotoboka. Sigara nazo aliziacha, akazirudia, akaziacha tena, akazirudia.

Siku ile, baada ya chakula cha mchana, alikuwa anafungua mfuko mpya wa plasta. Unga ulimpanda puani, akapiga chafya. Chafya moja tu, ya kawaida. Mgongoni, katikati, kitu kikabonyea.

Safari hii maumivu hayakuja kwa mbali. Aliteleza chini huku ameshika ukingo wa meza, akakaa sakafuni kati ya mataya meupe yaliyoanguka pamoja naye. Alijaribu kusimama, akashindwa. Alijaribu kuita, na pumzi ya kuita haikuwepo. Kilichomshangaza ni kwamba hakuogopa. Alitazama taya moja lililopasuka mbele yake, akawaza kwamba mwenye taya hilo itabidi aitwe tena kupimwa, na kwamba hatafurahi.

Daktari wa meno ndiye aliyemkuta, akampigia simu binti yake. Binti alikuwa msusi, saluni yake haikuwa mbali; alikuja bado ana chanuo nyweleni, mikono inanukia mafuta.

"Baba, umebeba nini?"

"Sijabeba kitu."

"Sasa umefanyaje?"

"Nimepiga chafya."

Binti alimtazama daktari wa meno, daktari wa meno akatazama chini. Wote wawili walifikiri mzee ameanza kuchanganyikiwa kwa ajili ya msiba.

Hospitali walimpiga picha, wakamlaza kwenye kitanda kigumu, na baadaye akaja daktari mwanamke, mtu mzima mwenye sauti ya taratibu, akazibandika picha kwenye kioo chenye taa. Akaelekeza kalamu kwenye uti wa mgongo. Pingili zilikuwa zimepangana kama matofali, isipokuwa moja iliyobonyea upande wa mbele mfano wa mkate uliokaliwa. Juu yake palikuwa na nyingine iliyobonyea pia, ila hiyo ilikuwa ya zamani.

"Hii ya juu iliuma lini?" daktari aliuliza.

"Mgongo huwa unaniuma. Ni wa kuinama mezani."

"Na huu ubavu?" Kalamu ikahamia pembeni. "Huu ulivunjika hivi karibuni, umeanza kuunga. Ulianguka?"

"Sikuanguka."

"Uligongwa? Mtu alikupiga?"

Fundi alijishika ubavu. Alisikia tena ule mlio, na safari hii akajua ulikuwa wa nini. Haikuwa huzuni iliyomkaa ubavuni muda wote ule. Ulikuwa mfupa. Alidhani jambo hilo litamtuliza, lakini halikumtuliza. Alihisi tu kwamba amenyang'anywa kitu.

"Nilikumbatiwa," alisema.

Binti aliweka mkono mdomoni.

Daktari hakucheka. Alivuta kiti, akakaa. "Mzee, mifupa yako imekuwa myepesi mno. Ndani imebaki vijitundu vijitundu. Ugonjwa huu kitaalamu unaitwa osteoporosisi. Hauumi, haupigi hodi. Mtu anaujua siku mfupa unapovunjika kwa kitu ambacho hakikustahili kuvunja mfupa."

"Huo si ugonjwa wa akina mama?"

"Unawapata wanawake zaidi, hasa hedhi ikikoma, kwa sababu kuna kichocheo kilichokuwa kinailinda mifupa yao kinapungua. Wanaume unawapata vilevile. Tofauti ni kwamba hawaji kupima."

Mkewe alikuwa amekwenda kupima. Hilo Fundi alilikumbuka vizuri. Kliniki walimpa vidonge vya madini ya chokaa, wakamwambia atembee na apate jua, na kila asubuhi alishuka ngazi na viatu vyake vya raba. "Twende tukaote jua," alikuwa akimwambia, "utaota kama uyoga humo ndani." Naye Fundi akijibu, hayo ni mambo yenu ya kike. Chupa ya vidonge vile ilikuwa bado kabatini, imejaa nusu.

Daktari alianza kuuliza maswali, na maswali yenyewe hayakuwa makubwa. Anavuta sigara? Pombe? Alikuwa na mwili zaidi ya huu zamani? Anafanya kazi ya kukaa au ya kusimama? Jua analipata saa ngapi? Fundi alifikiri sana kabla ya kujibu la jua. Aliingia karakana asubuhi, akatoka jioni.

"Silipati," alisema.

"Wazazi wako, kuna aliyevunjika mfupa uzeeni?"

"Mama. Nyonga. Alikuwa anashuka kitandani tu."

"Mgongo wake ulipinda?"

"Ulipinda. Sisi tulidhani kala chumvi nyingi, basi."

"Unatumia dawa yoyote kwa muda mrefu?"

Hapo binti ndiye aliyejibu, akafungua pochi ya baba yake na kutoa ile pakiti. Daktari aliigeuza, akaitazama pande zote mbili, na kwa mara ya kwanza uso wake ukabadilika.

"Kwa muda gani?"

"Tangu huyu yuko shule," Fundi alisema, akimwonyesha binti kwa kidevu. Binti naye alikuwa sasa na mtoto wa kwenda shule.

Daktari alishusha pumzi. Akawaeleza kwamba mfupa si jiwe, ni kitu hai; kila siku kuna sehemu inabomolewa na sehemu inajengwa upya. Ujanani ujenzi unakuwa mwingi kuliko ubomoaji. Umri ukisonga, ubomoaji unaanza kushinda, polepole, kwa kila mtu. "Sasa kuna vitu vinavyowaharakisha wabomoaji na kuwafukuza mafundi wa kujenga. Sigara ni kimoja. Kukosa jua, kukaa kutwa, mwili mwembamba, damu ya mama yako. Lakini hivi vidonge, mzee, ukivitumia miaka na miaka bila mtu wa kukuangalia, ndivyo vinavyokula mifupa kuliko vyote."

"Vilinifungua kifua."

"Najua. Ni dawa nzuri kwa muda wake. Na sasa usiviache ghafla, mwili umeshavizoea, utakuangusha vibaya. Tutavipunguza kidogo kidogo, nitakupa pampu ya kuvuta dawa ya kifua."

"Mimi hata la taya nalijua," Fundi alisema. "Jino likitoka, taya linasinyaa. Ndiyo maana meno yangu yanarudishwa baada ya miaka, yanalegea. Huwa nawaambia watu."

"Basi ndiyo hiyo hiyo."

Wakampima kimo, akatokea mfupi kuliko alivyojijua. Binti alisema sivyo, baba yake ni mrefu, wapime tena. Wakapima tena. Fundi alikuwa anawaza suruali. Mkewe alikuwa akimkunjia pindo kila suruali mpya, halafu hata zile za zamani, akiwa na pini mdomoni, akimtania kwamba anarudi chini kama mshumaa. Walimlaumu fundi cherehani. Walicheka pamoja juu ya fundi cherehani yule. Fundi alikumbuka kicheko kile vizuri, sauti yake na urefu wake, na hakuhisi kitu.

Kabla hawajaondoka daktari alimgeukia binti. "Na wewe, dada, la bibi yako na la baba yako ni lako pia. Unakula vizuri?"

"Nakula nikipata nafasi."

"Itafute nafasi."

Nyumbani, binti alizoa mazulia yote, maana zulia ni mtego wa kumkwaza mtu. Akabandika taa ya kuwasha kwa kugusa karibu na kitanda, akaweka vyungu rafu za chini, kisha akakumbuka baba haruhusiwi kuinama, akavirudisha katikati. Alimkataza kubeba ndoo. Alimkataza kufungua dirisha lililokuwa gumu. Mjukuu alikatazwa kumrukia. Watu wa nyumba ile wakawa wanampitia pembeni kama yai lililowekwa ukingoni mwa meza, na Fundi akayaacha yote yafanyike. Kila juma, asubuhi moja, alimeza kidonge kipya cha mifupa tumbo likiwa tupu, kwa glasi nzima ya maji, akakaa wima kitini nusu saa bila kulala wala kula, kama alivyoagizwa. Alikuwa mgonjwa mzuri. Kutii ni rahisi mtu asipotaka kitu kingine.

Suala la Tingatinga lilikuwa gumu zaidi. Binti hakutaka mjomba wake ajue. Lakini mjukuu alikuwa ameyasikia yote, na watoto hawana breki: Tingatinga alipopiga simu kuwasalimu, mtoto akamwambia, "Mjomba Babu, kumbe wewe ndiye uliyemvunja Babu."

Alikuja siku hiyo hiyo akiwa na nguo za kazini, vumbi la mbao limemjaa nywele. Hakuingia ndani. Alisimama mlangoni, mikono ameificha nyuma.

"Shemeji, ni kweli?"

Fundi alikuwa amekaa kwenye kiti chenye mgongo mgumu. Angeweza kudanganya. Alitafuta uongo mzuri, akaona uvivu.

"Ni kweli."

"Ni mimi?"

"Ni mkono wako. Mfupa ulikuwa umekwisha zamani. Ungemkumbatia mtu mwingine yeyote pale, angepangusa machozi yako akaenda zake."

"Mbona hukusema siku ile? Ungepiga kelele!"

"Sikuona sababu."

Tingatinga alikaa pale pale kizingitini, akaanza kulia, mabega yanapanda na kushuka. Fundi alimtazama. Alimwonea wivu, kwa mbali, jinsi mtu anavyomwonea wivu anayekula wakati yeye hana njaa.

"Watu walidhani nakufariji," Tingatinga alisema, akijifuta kwa kiganja. "Wala sikuwa nakufariji. Nilikuwa natafuta cha kushika nisianguke."

"Ingia ndani, shemeji. Unazuia njia."

Akaingia, lakini akakaa mbali, kwenye kochi la upande wa pili.

Mgongo ulipotulia, daktari aliagiza matembezi. Mifupa hujengwa kwa kubeba mwili wake, alisema; mtu akikaa tu, nayo inaona haina kazi. Tingatinga akajitolea. Kila asubuhi, kabla ya zamu yake ghalani, alikuja kumchukua, nao wakatembea kwenye barabara ya nyuma ya majengo, jua likiwapiga mikononi na usoni. Tingatinga alitembea umbali wa mkono mmoja, sio karibu zaidi, na mtu yeyote wa baiskeli aliyewakaribia alikaripiwa mpaka akashuka.

"Unanilinda kama mfuko wa mayai," Fundi alimwambia.

"Mayai nayabeba. Wewe siwezi hata kukugusa."

Ilikuwa asubuhi mojawapo ya hizo. Walikuwa wanarudi, na mbele ya lango la jengo lao Tingatinga alisimama, akapiga teke kijiwe.

"Shemeji, nikuulize kitu. Asubuhi ile. Dada alisema nini mwisho?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza Fundi swali hilo. Walimuuliza saa, walimuuliza kama mkewe aliumia, walimuuliza kama alikuwa na presha. Akajibu kwa sauti ile ile aliyotumia kuagiza chai.

"Alikuwa ananisimulia habari. Amerudi kutembea, kaweka maji, kashika kikombe. Anasema amekutana na Mama Mapazia kwenye ngazi, wameongea. Akasema, 'Sasa si ndiyo Mama Mapazia akaniambia...' Hapo hapo kikombe kikaanguka."

"Akamwambia nini?"

"Sijui. Hakumaliza."

"Hujawahi kumuuliza?"

"Nani?"

"Mama Mapazia! Si anakaa hapa chini?"

Fundi alimtazama shemeji yake. Ilikuwa kweli, mwanamke yule alikuwa pale siku zote, hatua chache kutoka mlango wake, na wazo hilo halikuwahi kumpitia. Tangu asubuhi ile alikuwa ameibeba sentensi ile nusu, akiamka nayo na kulala nayo, bila kujua kwamba anaibeba.

Mlango wa Mama Mapazia ulikuwa wazi. Alikuwa ameketi kwenye cherehani, kitambaa kizito cha kijani kimemwagika mpaka sakafuni. Aliinuka haraka, akakikusanya wasije wakakanyaga.

"Karibuni! Baba, unaendeleaje? Na mgongo?"

"Unaendelea. Nina swali." Fundi alishika fremu ya mlango. "Asubuhi aliyoondoka mke wangu, mlikutana kwenye ngazi. Kuna kitu ulimwambia. Alikuwa anataka kunieleza."

Mama Mapazia alikunja uso, akatazama dari, akajipiga kidole kwenye kidevu. Wanaume wale wawili walimsubiri. 

"Tulikutana, ndiyo," alisema polepole. "Alikuwa anatoka matembezini. Tukacheka sana. Kuna kitu kilituchekesha." Akakigeuza kitambaa mikononi. "Ilikuwa habari ya nani ile? Jamani... Tuliongea mengi mimi na yeye, kila siku tulikuwa tunaongea. Baba, nisamehe. Sikumbuki."

"Jaribu," Tingatinga alisema.

"Mwache," Fundi akasema. "Haidhuru."

"Lakini tulicheka," mwanamke yule alirudia, macho yanaanza kumjaa. "Hilo la kucheka nakumbuka kabisa. Mpaka akakaa kwenye ngazi."

Fundi alishukuru, akatoka. Alianza kupanda ngazi, mkono kwenye chuma cha pembeni, mguu mmoja na mwingine ukiufuata kwenye kidato kile kile, kama walivyomfundisha. Tingatinga alimfuata nyuma kwa kidato kimoja. Walipofika kwenye kona ya ngazi, Fundi alisimama, akatazama vidato alivyokwisha kupanda, bila haraka, kama anayechagua ni kipi mkewe alikikalia.

"Angekuwa yeye," alisema, "angekumbuka."

"Angekumbuka mpaka rangi ya nguo uliyovaa," Tingatinga alisema.

"Na angeongeza chumvi."

"Sana."

Juu, binti alikuwa ameshafungua mlango, anauliza mbona wamechelewa, uji unapoa.